Filta Nyeusi

Picha ile ilitakiwa itoke bila mtu. Mwenye hoteli alitaka jengo lake lionekane tupu mchana kweupe, na mpigapicha, ambaye mtaa mzima ulimwita Fleshi kwa kupenda kuwamulika watu kwa taa ya kamera hata juani, aliijua dawa yake. Alifunga kwenye lenzi filta nyeusi, kioo cha kupunguza mwanga, aliyoiokota kwenye mitumba, akaiacha lenzi wazi dakika nzima. Kwa filta nzito namna hiyo, kila anayepita huyeyuka. Anayebaki pichani ni yule aliyetulia.

Watu waliyeyuka kweli. Akabaki mwanamke mmoja mlangoni, amevaa nyeupe, anaitazama kamera. Fleshi angeapa kwamba pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Akailaumu mashine. Akashusha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, akabadilisha kadi ya picha, akaitoa filta, kisha nyumbani akampiga picha Kitinda, bintiye wa mwisho, akiwa kitini anafunga viatu. Mwanamke alikuwa nyuma ya kiti. Akarudia kamera ya zamani, na filamu ya nyeusi na nyeupe isiyojua hila za kompyuta. Humo mwanamke alikuwa amemwinamia mtoto, midomo sikioni.

Tangu hapo nyumba ikanuka dawa ya kusafishia filamu, jikoni hadi kwenye shuka, na ukutani kukasikika klik ya kamera, kimya kirefu, kisha klik. Na Kitinda, mtoto ambaye hata kula alikula akirukaruka, akaanza kutulia. Alikaa na kijiko mdomoni, hapepesi jicho.

"Baba Kitinda," mkewe alinong'ona, "shavu lake li baridi kama sakafu. Mwanangu anakwisha huku namtazama."

"Usiseme kwa sauti."

"Kwani huyo mwanamke anatusikia?"

"Sijui. Sijui chochote tena, mke wangu."

Hospitali walipima, hawakuona kitu. Fleshi, aliyezoea kuwacheka wateja wenye hirizi, akakimbilia kwa mganga. Mfa maji haachi kutapatapa. Mganga alikuwa mama wa makamo mwenye mafua makali, na picha moja tu, pamoja na habari ya ile filta, ilimtosha.

"Jini huyu hushika mtu aliyetulia," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimwingiza kwa filta hiyo, mtoe kwa hiyo hiyo. Fungua lenzi dakika nzima, na chumbani kila mtu acheze, asisimame hata kidogo. Akikosa wa kumshika, ataondoka. Mtoto asipoonekana pichani, amepona."

"Na akionekana?"

Mganga alipenga kamasi. "Asionekane tu, baba."

Alasiri hiyo hiyo Fleshi akaifunga tena filta, akafungua lenzi, akaanza kurukaruka nyuma ya kamera, mkewe akamkamata Kitinda makwapani akimzungusha huku machozi yanamtiririka, harufu ikapanda mpaka macho yakawasha, klik zikaja kutoka kila ukuta zikitafuta, na mtoto aliyekuwa mzito kama gunia akakunja goti moja, kisha la pili, akajichomoa mikononi mwa mama yake, akaruka mwenyewe, akacheka kicheko chake kile kile, mwanga wa dirishani ukamwangukia usoni kwa uzuri ambao Fleshi hakuwahi kuupata kwa mteja yeyote, na furaha ikampanda kichwani, na kinywa kilichowaamuru watu maisha yake yote kikajisemea chenyewe:

"Hapo hapo, mama! Tulia!"

Kitinda alikuwa mtoto msikivu. Akatulia.

Mkewe alipiga ukelele, akamrukia, lakini lenzi ilikwisha kufunga.

Fleshi aliitazama picha. Mkewe hakuonekana hata kivuli. Kitinda alisimama katikati ya chumba, kila unywele wake bayana, akitabasamu. Mwanamke wa nyeupe hakuwepo popote, na harufu nayo ilikuwa imekatika.

"Kitinda?" mama aliita. "Mwanangu, sogea basi. Njoo kwangu."

Mtoto hakusogea. Aligeuza macho tu, taratibu, kumwelekea baba yake.

"Nimetulia vizuri?" aliuliza, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima.