Siku Tulipocheza Raga na Waume Zetu

Mdomo wa Sharifa ulikuwa sikioni mwa mume wangu!

Mchana kweupe, jamani! Nyuma ya kibanda chetu cha kukamulia mawese, saa moja tu kabla ya mechi.

Nilisimama na mtungi wa maji kichwani. Hata kuutua sikuweza.

Asmani akacheka. Kile kicheko ambacho nilidhani ni cha nyumbani kwangu tu...

"Leo watalia," akasema. "Murakoze sana, Sharifa," akamshukuru.

"Lakini Kulthumu asijue," Sharifa akamjibu.

Kulthumu ndiye mimi.

Wadau, msiniulize mwanamke wa Rumonge wa enzi za Mdachi amepata wapi simu. Nimepata. Kaeni vizuri niwaeleze.

Asmani ni baba wa mwanangu Hassani. Sharifa ni shoga yangu tangu tunaota meno. Na siku ile Asmani alikuwa kiongozi wa timu ya wanaume, Sharifa alikuwa mchezaji wa timu yangu.

Sasa mnaelewa kwa nini mtungi ulinigandia kichwani?

Mchezo wenyewe ninyi leo mnauita raga. Kwetu aliuleta Mdachi mmoja wa kambi ya malale, ule ugonjwa wa kusinzia mpaka kufa. Tulimwita Bwana Miwani. Alikuja na mpira wa ngozi uliochongoka huku na huku kama papai.

Unaukumbatia, unakimbia, unaugandamiza chini nyuma ya mstari wa wenzako. Kurusha ni kwa nyuma tu. Ukikuponyoka ukaangukia mbele, unapewa upande wa pili.

Aliwafundisha wanaume. Sisi tulikuwa tunachemsha mawese pembeni, macho huko. Mwezi haukuisha, tukaanza na mpira wetu wa matambara.

Raga ya wanaume wetu ilikuwa vifua. Akiupata mmoja anainamisha kichwa na kuingia katikati ya watu. Wakibanwa, wanaupiga teke hukooo, kisha wote mbio!

Sisi hatukuwa na vifua vya kupasulia watu. Kwetu mpira ulipita: kwa huyu, kwa yule, nyuma, pembeni, nyuma tena. Na kumwangusha mtu tulimfuata miguuni, maana mwanaume hata awe mnene vipi anasimama kwa miguu miwili tu.

"Hiyo si mchezo, hiyo ni ngoma ya harusi!" wanaume walitucheka.

Tukawaacha wacheke.

Shida ilikuja walipoutaka uwanja wetu wa kukamulia. Ulikuwa bapa, umekanyagwa miaka na miaka ukawa mgumu. Walitaka uwe wa mpira, sisi tukakamulie juu mlimani, mbali na maji!

Uwanja ule ndio ulinivika. Ndio ulinipa chumvi na sabuni bila kumpigia mume magoti. Ukienda, nimekwisha.

Nikamfuata Bwana Miwani.

"Tucheze nao, Bwana. Wakitushinda, tutahama."

Akavua miwani, akaifuta.

"Wanawake watapata uwanja mfupi. Na mpira mdogo."

"Hapana, Bwana. Uwanja ni uleule. Mpira ni uleule."

Alinitazama sana. "Haya. Mkipata alama moja tu, mahali ni penu. Msipopata, mtahama."

Asmani nyumbani akaniapia, mkono kifuani.

"Mama Hassani, mimi nitacheza ya haki. Siwezi kukuzunguka weye."

Nikamwamini! Nikampakulia na samaki, mgebuka mkubwa kuliko wangu!

Basi rudini nami nyuma ya kile kibanda. Sikwenda kuwauliza. Niligeuka nikarudi kwa wenzangu, roho inaniwaka. Kitu gani amemwambia? Amemuuzia mbinu zetu? Au amejiuza mwenyewe?

Watu walishajaa. Bwana Miwani na saa yake mkononi, askari wawili pembeni yake. Sharifa akaja mbio, kaniki yake ameipiga winda tayari kwa mchezo. Anatabasamu!

"Dada Kulthumu, tuko tayari?"

Nikamzaba kibao.

Uwanja wote ukatugeukia.

"Toka kwenye timu yangu! Msaliti mkubwa weye!"

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Nimekuona na mume wangu! Nimekuona!"

Akashika shavu. Akafungua mdomo, akamtazama Asmani, akaufunga tena. Mimi nikaona ni aibu ya mwizi.

Hapo ndipo ulimi wangu uliponishinda, wadau. Nilitaka aumie kama nilivyoumia mimi. Nikapaza sauti:

"Unajifanya mwema, na mama yako ana malale! Umemuficha musituni Kigwena! Waambie!"

Mtu pekee aliyejua siri ile alikuwa mimi. Wenye malale walikuwa wanachukuliwa kambini, wakiingia hawatoki. Sharifa alikuwa amemjengea mama yake kibanda ndani ya msitu, na chakula tulimpelekea wote wawili, kwa zamu.

Mmoja wa askari akageuza shingo.

"Kigwena wapi?"

Bwana Miwani akasema maneno mawili ya Kidachi, na wale askari wawili wakashika njia ya msituni.

Sharifa hakulia. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mupira ukikuja, musiushike na vidole," akaninong'oneza.

Kisha akakimbia kuwafuata.

Filimbi ikalia! Hata kuwaza sikuweza.

Mpira ulianzia kwetu. Mariyamu, mwepesi wetu kuliko wote, akaudaka... ukamchomoka! Akaudaka tena, ukateleza kama kambale.

Ukaja kwangu. Mikono yangu ikajua kabla yangu mimi.

Mafuta! Umepakwa mise, yale mafuta ya kokwa ya mchikichi, yasiyo na wekundu wa mawese. Bwana Miwani kwa mbali asingeyaona.

Nikamtazama Asmani. Akatazama chini.

Yaani mume wangu! Na kiapo chake kile!

Lakini wadau, kwetu mwanaume anapanda mchikichi, anakata shazi la matunda, analiangusha, basi. Kazi yake imeisha hapo. Tangu hapo mpaka kwenye chungu ni mikono ya wanawake. Mimi nimebeba vyungu vinavyotiririka mafuta tangu nina miaka saba. Chungu cha mafuta hakishikwi kwa vidole! Unakikumbatia kwa mkono mzima, ukimpa mwenzio unamtia tumboni.

Musiushike na vidole...

"Mutie tumboni!" nikapiga kelele. "Kama chungu! Kama chungu!"

Wenzangu wakaelewa palepale.

Mpira ukaanza kutembea, tumbo kwa tumbo. Wanaume wakaja na vifua vyao. Wakitunyang'anya wanaurusha kwa vidole, unawaponyoka, unaanguka mbele. Filimbi! Wetu! Wakitaka kuupiga teke, unawatoka mikononi kabla haujafika mguuni. Filimbi! Wetu tena!

Walitukanyaga, sisemi uongo. Mariyamu alipasuka mdomo, mimi bega hili halijapona hadi leo. Kifua cha mwanaume ni kifua. Ila kifua bila mpira ni cha nini?

Jua limeshalalia upande wa Kongo, Bwana Miwani anaangalia saa. Mariyamu akamchenga mmoja, akanitia mpira tumboni. Mbele yangu amebaki mtu mmoja.

Asmani.

Hakunikwepa, sikumkwepa. Akanirukia akaushika mpira kwa mikono miwili. Mikono ikateleza kwenye mafuta yake mwenyewe! Nikapita, nikaanguka nyuma ya mstari, mpira chini ya mbavu zangu.

Filimbi ndefu!

"Mahali ni penu," Bwana Miwani akasema.

Wanawake wakalia, wakapiga vigelegele. Nami nikamfuata mume wangu pale chini alipokaa.

"Kwa nini, Baba Hassani?"

"Bwana aliniahidi unyapara," akasema bila kuinua macho. "Uwanja ukiwa wetu, mimi ndiye nyapara wa kambi."

Kisha akapiga ngumi mchanga, hasira zimemjaa.

"Ile Sharifa yako ni muongo! Iliniambia mupira ukipakwa mafuta hamutaweza kuushika! Iliapa! Kumbe ilijua sisi ndio tutashindwa!"

...

Wadau.

Sikusikia tena vigelegele.

Sharifa hakutuuza. Aliwauzia wao shimo, wakaingia wenyewe.

Alfajiri nilishika njia ya Kigwena. Niliwakuta karibu na michikichi ya mwisho. Askari mbele, wanaume wawili wamembeba mama kwenye machela, Sharifa nyuma, miguu imejaa matope. Mama alikuwa amelala. Usingizi ule haukuwa wa kawaida.

Nikapiga magoti njiani.

"Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?"

"Ningekuambia ungekasirika, na uso wako ungemwambia mume wako kila kitu. Weye uso wako haujui kunyamaza." Akajifuta jasho. "Mulishinda?"

"Tulishinda."

"Iko muzuri."

Akanipita.

Mama yake hakutoka kambini. Siku ya arobaini ya msiba Sharifa alihamia Kabonga, na mara mbili nilimfuata huko. Mara zote mbili alinipa maji, akanipa mkeka, akaniuliza habari za Hassani. Akinijibu ni kama anavyomjibu mgeni yeyote.

Asmani? Unyapara hakuupata. Aliomba msamaha mbele ya wazee, na wote wakanitazama mimi, wakingoja nidai talaka. Sikuidai. Asmani aliniuza kwa unyapara, mimi nilimuuza Sharifa bure, mbele ya uwanja mzima, kwa sababu tu nilikuwa na hasira.

Mawese tulikamua palepale mpaka Wadachi wakaondoka. Kila aliyepita alisema ndio wale wanawake waliowashinda waume zao. Nilikuwa naitikia tu.

Dada zangu mnaonisoma, mtu wako akikuumiza mgombeze, mtukane, hata mnuniane mwaka mzima. Lakini siri aliyokupa siku mlipokuwa mnapendana muachie mwenyewe. Mimi nilihitaji kungoja filimbi moja tu nijue ukweli, na sikungoja.