Karai la Maji Meusi

Karai lilikuwa tupu. Namalwa aliliosha mwenyewe, akaliegemeza ukutani, akatoka kuanua nguo kabla mvua ya alasiri haijashuka. Aliporudi mlangoni akasikia ndani ya nyumba yake miguu ikichezea maji. Chubwi. Kimya. Chubwi. Aliingia akalikuta karai palepale, kavu, na chumba kizima kikinuka magome mabichi ya miwati.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe Kituyi alikuwa kwa mke mdogo, kama kawaida.

Waliishi kwenye laini, safu ya vibanda vya vibarua, katika shamba la mzungu nje kidogo ya Eldoret, mji ambao watu bado waliuita Sisibo. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na ngozi za viatu zilitakwa kote duniani, kwa hiyo laini nzima ilibambua miti ya miwati na magome yakaenda kiwandani kwa ajili ya watengeneza ngozi. Namalwa aliijua kazi hiyo tangu usichana. Kila mbambuaji alijua kwamba panga likilala ndani ya gome bichi, asubuhi unalikuta jeusi kama masizi, na vidole vyako vivyo hivyo.

Tuseme kweli bila kumung'unya maneno: Namalwa alikuwa na wivu. Miaka ilipita bila mtoto, Kituyi akamwoa Nelima, na Nelima hakukawia kumzaa Khisa. Tangu siku hiyo laini nzima ilimwita Kituyi Baba Khisa. Hata Namalwa, aliyemjua kabla hajamiliki kiatu, ilimbidi amwite mumewe kwa jina la mtoto wa mwenzake. Kila alipolitamka lilimkwama kooni. Alifikia hatua ya kuchungulia bakuli la Nelima kuona nani kapata mnofu na nani kapata mfupa.

Kisha damu yake ya mwezi ikakatika, na kila asubuhi akawa anatapika. Mwanamke mwingine angefurahi. Yeye alikuwa amekwisha kata tamaa, akaona ni ugonjwa, na moja kwa moja akajua ugonjwa umetoka jiko gani.

Ndipo alipokwenda mjini kwa Nicanor. Huyu alivaa koti kuukuu la jeshi, akijiita daktari, na kusema alisafisha damu za askari vitani huko Bama. Alimkalisha, akamtia miguu ndani ya karai la chuma lenye kutu, akamimina maji ya moto na unga wa kahawia.

"Sasa mwite," alinong'ona. "Sema: wewe uliye tumboni mwangu, toka. Njoo uchukuliwe."

Namalwa akasema. Maji yakaanza kugeuka. Yakawa kama chai, kisha zambarau, kisha meusi tititi.

"Unaona hiyo? Ni sumu inatoka kwa nyayo. Mtu amekulisha."

"Nani?"

"Mimi sitaji mtu, mama. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nani anapika karibu na wewe?"

"Nelima," alisema Namalwa, na Mungu amsamehe, moyo wake ulifurahi.

Nicanor akampa karai, unga, na chumvi ya haluli ya kuharisha. Ajisafishe hadi maji yatoke meupe. Asimwambie mume. Asikanyage hospitali, maana dawa ya mzungu ingeiharibu hii. Na unga ukiisha, arudi na pesa.

Maji hayakutoka meupe hata mara moja. Namalwa alihara hadi akatembea kwa kushika ukuta. Lakini kila maji yalipokuwa meusi alimtazama Nelima ng'ambo ya uwanja, mnene, mtoto mgongoni, akasema moyoni, nimekushika. Chuki ikawa ndiyo chakula chake. Kisha zikaanza zile sauti, kisha nyayo nyeusi zilizolowa sakafuni, ndogo mno kuwa za mtu mzima, zikitoka kwenye karai na kuishia kitandani, upande anaolala yeye.

Siku moja ukungu ulitanda mchana hadi miwati haikuonekana. Namalwa alifunga mlango, akatia miguu ndani ya karai, akatamka maneno yake. Maji yakawa meusi. Na alipotaka kuvuta pumzi akahisi chini ya weusi ule kitu baridi kikigusa kidole chake cha mguu, kisha kisigino, kisha akafahamu, huku jasho likimtiririka na harufu ya gome ikimziba pua na ulimi umegeuka jiwe, kwamba ndani ya karai kulikuwa na miguu mingine miwili, midogo, imekanyaga juu ya yake, na yule mwenye miguu ile, asiyeonekana, alikuwa ameinamia tumbo lake kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Umeniita," ilisema sauti kwa upole. "Nimekuja kumchukua."

Namalwa alipiga yowe. Nelima akausukuma mlango kwa bega, akalipiga karai teke, maji yakamwagika hadi uani.

"Usiniguse, mchawi wewe!" alilia Namalwa. "Hiyo ni sumu yako!"

Nelima alimtazama shingoni, akamtazama kifua, akakaa chini polepole.

"Dada, wewe uko na mimba."

"Mwongo! Nicanor wa mjini amenionyesha sumu yako ikitoka kwa nyayo, kwa unga huu!"

"Haya. Kama ni sumu ya mwili wako, leo usitie miguu. Tutie hii dawa yake peke yake tuone."

Wakamimina maji ya moto, wakatia unga, wakakaa mbali. Hakuna aliyetia hata ukucha. Maji yakawa kama chai, kisha zambarau, kisha meusi tititi.

Namalwa akainua mikono yake akavitazama vidole. Gome na chuma. Kitu alichokiona kila siku ya kazi tangu usichana, akasagiwa, akauziwa, asikitambue, kwa sababu alitaka sana kiwe Nelima. Akakumbuka maneno aliyoyatamka, na aliyekuwa tumboni kweli ni nani. Akalia kwa aibu hadi Nelima akamkumbatia.

Walipokwenda mjini, Nicanor alikuwa amehama. Mzee Walubengo wa kanisani akaiombea nyumba, karai likatupwa mto Sosiani, sauti zikakoma. Haluli ilikoma pia, na mimba ikashika. Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, na aliyempokea ni Nelima. Ndiye pia aliyemnunulia beseni jeupe la kumwogeshea.

Asubuhi moja ya jua Namalwa alikuwa akimwogesha humo kwa maji safi ya mvua, huku akiimba. Nje jirani akapita.

"Baba Khisa! Hongera kwa msichana!"

"Asante sana!" aliitika Kituyi, akicheka.

Baba Khisa. Hata leo. Kitu kikamkwama Namalwa kooni, palepale pa zamani.

Hakukuwa na gome wala chuma. Lakini maji yakaanza kuwa meusi, yakianzia kwenye vidole vyake. Akamnyakua mtoto akamkumbatia kifuani, miguu yake midogo ikining'inia hewani, ikidondosha matone.

Ndani ya beseni, miguu iliendelea kuchezea maji. Chubwi. Kimya. Chubwi.