Kalia Kwanza Ndipo Ulipe

— Toa misumari mdomoni unijibu.

Fundi Msumari hakuitoa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu wawili, kitambaa chekundu kimevutwa nusu, misumari midogo imejipanga midomoni kama meno ya pili. Ndivyo alivyofundishwa kazi: misumari mdomoni, nyundo kulia, mkono wa kushoto unavuta kitambaa. Na ndivyo alivyojifunza kukwepa maswali, maana mtu mwenye misumari mdomoni nani atamlaumu kwa kukaa kimya?

Mchumba wake alizima cherehani. Huyu ndiye aliyeshona vifuniko vya makochi yote ya karakana ile, na mtaa mzima ulimwita Pindo kwa sababu hajawahi kuacha pindo bila kulirudia mara ya pili.

— Jumamosi naanza darasa la pesa. Nakuuliza kistaarabu, unasemaje?

Akatema misumari kiganjani.

— Nasema hapana.

— Hapana ya nini?

— Kufundishwa pesa kwa pesa! Hilo ni kama kuku kumlipa mwewe amfundishe kulea vifaranga.

— Na mimi nashona mwaka mzima, wateja mlangoni hawaishi, mwisho wa mwezi mkono mtupu. Huo nao ni nini?

— Ni maisha.

— Maisha ya nani? Mimi nataka kujua pesa yangu inatokea mlango gani.

— Na ada utatoa wapi?

— Kwenye ile ya gauni.

Nyundo ikatulia. Hiyo pesa ya gauni haikuwa ya kuchezea. Harusi yao ilikuwa imeshaahirishwa. Mwaka uliopita Msumari alikuja kichwa wazi, amelowa, macho mekundu, akasema mvua imeingia stoo na sponji alizonunua kwa akiba yao zimeoza zote, hata kofia yake imekwenda na maji. Pindo alimfuta uso kwa upande wa kanga, akamwambia mali hutafutwa, akaanza kuweka akiba upya kama mtu anayefumua mshono na kuurudia.

— Utaolewa bila gauni?

— Nitashona mwenyewe. Hii cherehani unadhani kazi yake ni kukoroga uji?

— Pindo, nisikilize vizuri. Ukienda kwenye hilo darasa, usihesabu kwamba kuna harusi.

Pindo alikunja kitambaa taratibu, kona kwa kona, akakiweka juu ya meza.

— Rudia.

Msumari akarudisha misumari mdomoni.

Kabla jua halijapoa, simu ikaita. Alikuwa wifi, dada mkubwa wa Msumari, muuza ndoo na mabeseni sokoni, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mchele.

— Shikamoo wifi.

— Marahaba. Nasikia siku hizi tuna profesa kwenye ukoo.

— Bado, wifi. Naanza Jumamosi.

— Usinifanyie mzaha! Mwanamke akijua sana mahesabu, mume naye anageuka mali ya kuhesabiwa.

— Si afadhali? Mali hutunzwa.

— Mdomo unao! Na siku ya harusi utavaa nini? Kitambaa cha makochi?

— Wifi, ahsante. Umenipa wazo.

Simu ilikatwa kwa mlio wa mtu aliyesonya.

Jioni ukaingia ujumbe wa Msumari:

"Mpenzi naomba usiende. Nakupenda sana. Nitakununulia hata pete kubwa kuliko ile."

Pindo akajibu neno moja:

"Sababu?"

Alama ikaonyesha ujumbe umesomwa. Akasubiri. Akaosha vyombo, akarudi kuangalia. Kimya. Pindo akacheka peke yake jikoni.

— Kumbe hata kwenye simu ana misumari mdomoni.

Jumamosi alivaa viatu vyake vya heshima akapanda ngazi za jengo lenye duka la dawa chini. Juu palikuwa na chumba kirefu, viti vya plastiki, ubao mweupe, na kabati la chuma lililopinda mlango. Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, zamani alikuwa karani wa dirishani benki. Alisimama mlangoni mwenyewe.

— Karibu dada. Ada kabla ya kuingia.

— Mwalimu, mimi ni fundi wa makochi. Kwetu mteja halipi kochi kabla hajalikalia. Anakaa, anaegemea, anajizungusha. Springi ikimchoma, anasimama, anaondoka na pesa yake. Mimi leo nimekuja kukalia.

— Elimu si kochi, dada yangu.

— Ndiyo maana naogopa zaidi. Kochi bovu mimi nalitambua kwa kulitazama tu.

Waliokwishakaa ndani wakaangua kicheko. Mwalimu akavaa miwani amwone vizuri.

— Basi nikupe mpango wa dhahabu. Darasa, cheti, na fulana yenye jina lako.

— Fulana nashona mwenyewe. Na cheti nikitundike wapi, shingoni mwa cherehani?

— Wewe una maneno!

— Maneno sina. Nina pesa ya gauni langu la harusi hapa kwenye mkoba, na nimeambiwa nikiitoa sina harusi. Kwa hiyo kama somo lako ni la upepo, niambie mapema.

Kicheko kikaisha. Mwalimu akasogea pembeni.

— Ingia ukalie. Somo likikuchoma, mlango huu hapa.

Pindo akachagua kiti cha mbele, mkoba ameupakata kama mtoto.

— Tuanze na mgeni, mwalimu akasema. Kazi yako ya mwisho ni ipi?

— Vifuniko vya makochi ya saluni.

— Bei uliipangaje?

— Kitambaa, uzi, zipu, na faida kidogo.

— Na mikono?

— Mikono gani?

— Hiyo iliyoshona. Uliiwekea kiasi gani?

— Mikono si yangu mwenyewe, mwalimu?

— Ungeazima mikono ya fundi mwingine, ungemlipa?

— Ningeachaje kumlipa!

— Basi wewe umejiajiri bure. Hiyo unayoiita faida ni mshahara wako, tena nusu.

Pindo akaitazama mikono yake. Dole gumba lenye sugu ya mkasi, kidole cha shahada chenye alama nyeusi pale sindano ilipowahi kupita hadi upande wa pili. Miaka yote hiyo, uzi ulilipwa, zipu ililipwa, hata mkokoteni wa kupeleka makochi ulilipwa. Akajisikia kucheka na kulia kwa pamoja. Akafungua mkoba.

Ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Msumari, vumbi la sponji kichwani, jasho linamtiririka.

— Pindo, inuka twende!

— Waamkie kwanza walionizidi umri, ndiyo uje kwangu.

— Nimesema inuka!

Mwalimu akashusha miwani, akaipandisha tena. Uso ukamchanua.

— Kumbe ni wewe! Karibu, baba, karibu. Nafasi yako ya dhahabu bado ipo. Mwaka jana uliondoka mapumziko, ukaniachia kofia.

Akavuta mlango wa kabati, ukalia, akatoa kofia ya kijani. Pindo hakuhitaji kuishika. Aliishona yeye kwa masalio ya kochi la mteja, na pindo lake lilikuwa limerudiwa mara mbili.

Watu wote wakamgeukia Msumari.

— Hiyo kofia, Pindo akasema, uliniambia imekwenda na maji.

Mkono wa Msumari ukaenda mfukoni wenyewe, kwenye misumari, kwa mazoea. Pindo akamshika kifundo cha mkono.

— Leo hapana. Leo utanijibu mdomo ukiwa mtupu.

— Tutoke nje tuzungumze.

— Umeingia kunitoa mbele za watu. Nijibu mbele za watu.

Msumari akaiachia misumari mfukoni.

— Mvua ilinyesha kweli. Ila stoo haikuingia maji.

— Na sponji?

— Hazikuoza. Hazikuwepo. Nilizileta hapa zile pesa, nikalipia mpango wa dhahabu. Nilitaka nikushangaze, nirudi nikiwa mtu anayejua. Siku ya kwanza tu mwalimu akaniuliza, nyumbani kwenu nani anaingiza zaidi.

— Ukasemaje?

— Nilijua jibu. Ni wewe. Likanikwama hapa. Nikaondoka, kofia nikaisahau, nikatembea na mvua mpaka kwako.

— Nikakufuta uso.

— Ukanifuta.

— Nikaahirisha harusi, nikaanza kuchanga upya, na wewe unaniangalia.

— Niliogopa utaniona mdogo.

— Sasa ndiyo nakuona mdogo! Wala si kwa kipato. Ningekula ugali mkavu na wewe na nisingesema. Ila umenitishia harusi ili nisije kugundua uongo wako. Harusi yangu umeifanya fimbo!

Msumari akainamisha kichwa. Machozi safari hii yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyeyafuta.

— Kaa wewe kwenye nafasi yangu, Pindo. Imeshalipiwa. Pesa ya gauni ibaki kwenye mkoba.

— Kiti cha mtoro sikikalii.

Akasimama, akaweka ada juu ya meza ya mwalimu.

— Darasa la kawaida, mwalimu. Bila fulana. Nimekalia, halichomi mahali pabaya.

Kisha akamgeukia mchumba wake.

— Wewe una viti viwili. Hicho ulicholipia, au kile cha karakana na misumari yako. Habari ya harusi usiniulize leo. Mimi ndiye nitakayekuambia.

Msumari akatazama mlango. Akatazama kofia. Akaketi, kiti cha plastiki kikalia. Mwalimu, naye hana huruma, akamuuliza palepale:

— Nyumbani kwenu nani anaingiza zaidi?

— Mchumba wangu.

— Sauti!

— Mchumba wangu, mwalimu! Anaingiza zaidi yangu, na hata mikono yake nimekuwa nikiitumia bure!

— Huyo amefaulu, mpeni cheti aende! akapaza sauti mzee mmoja wa nyuma, na chumba kikapumua.

Msidhani yaliisha hapo. Msamaha si chapati ya kugeuza mara moja. Jumamosi zote walikwenda darasani kila mtu na njia yake, wakakaa safu tofauti. Karakanani, kila kifuniko Pindo alichoshona kwa ajili ya kochi la Msumari, alidai bei ya mikono, na Msumari alilipa bila kunung'unika. Wateja wawili wa zamani walikimbia bei mpya. Pindo akawasindikiza mpaka barabarani kwa heshima, akarudi kuendelea na kazi.

Darasa lilipokwisha, siku moja asubuhi, alikuta kochi jipya katikati ya karakana. La watu wawili, mbao zimepigwa msasa mpaka zinang'aa. Msumari alisimama pembeni, nyundo chini, midomo mitupu.

— La mteja gani hili?

— Lako. Nataka kukuoa, Pindo. Sina uongo mwingine, nimetafuta sijauona. Lakini usinijibu kabla. Kalia kwanza.

Pindo akakaa. Akaegemea. Akajizungusha kulia, akajizungusha kushoto, hakuwa na haraka hata kidogo.

— Hapa kushoto kunachoma.

— Wapi? Springi?

— Dada yako.

— Huyo niachie mimi.

— Na siku ukinitishia tena kwa harusi au kwa ndoa?

— Lichukue kochi, uniache mimi sakafuni.

— Haya. Sogea hapa tuone kama linabeba wawili.

Siku ya harusi Msumari alivaa kofia ya kijani. Pindo alivaa gauni la rangi ya maziwa, refu, limekaa mwilini kama limemwagwa. Wifi alimzunguka, akashika upindo, akaugeuza ndani, akatafuta kasoro, akakosa.

— Wifi, hili umenunua duka gani?

— Kwenye makochi, wifi. Si ulinishauri mwenyewe?

Wifi akauachia upindo. Akatazama huku na huku kama kuna anayesikia, akasogeza midomo sikioni kwa bibi harusi.

— Hivi lile darasa... mabeseni yangu nauza kutwa nzima, jioni sioni kitu. Wanaruhusu kukalia kwanza?

— Wanaruhusu. Ila ukiingia, wifi yangu, usiondoke mapumziko.