Picha ya Kukhu Jikoni

Kila jioni baada ya kumaliza hesabu, Nekoye aliazima simu mpya ya babake na kupiga picha chochote kilichokaa tulivu mtaani Matisi, Kitale: kuku, paka, hata mzee wa kanisa akisinzia. Nyuma ya simu paliandikwa megapikseli tano, yaani nukta milioni tano kwa kila picha.

"Kamera ya Senge ina tatu tu," alimwambia binamu yake Pauline. "Na ni nzito kama tofali."

Senge Wilkista, dada ya babake, alikuwa mpiga picha za harusi mjini Bungoma. Kukhu Nabwile, nyanya yao wa Chwele, alipotaka picha kubwa ya kutundika ukutani, Nekoye alisema Senge asisumbuliwe. Angeipiga mwenyewe.

Nekoye alipofika Chwele na simu, Kukhu alikataa kutoka nje. "Mimi ni mtu wa jiko langu," alisema, akaketi kando ya moto, kwenye giza na moshi. Katika kioo cha simu alipendeza. Lakini studio ilipoikuza picha, uso wake ulijaa vidoa vyekundu na vya kijani.

Jumapili, mbele ya jamaa wote, Kukhu aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu ni mimi," aliuliza, "ama ni ugali wa wimbi umevaa kitambaa?"

Wajomba walicheka mpaka chai ikawatoka puani.

"Mashine ya studio iliharibika," Nekoye alinong'ona.

Senge aliichukua simu, akaivuta picha ikawa kubwa. Vidoa vilikuwa vilevile. Nekoye akainamisha kichwa. "Si studio, Senge. Niliviona nilipoivuta hivyo kabla ya kuipeleka, nikaogopa kusema kwa sababu nilikuwa nimejisifu."

Senge hakumfokea. "Ndani ya kamera kuna sensa, kibamba kinachonasa mwanga. Ya simu hii ni kama punje ya hindi. Yangu ni kama stempu ya barua. Mvua ikiwa haba, utakinga kwa vifuniko vitano vya soda ama kwa sufuria tatu?"

"Sufuria."

"Ndivyo. Nje juani, hata vifuniko vinajaa. Jikoni mwanga ni haba, na kifuniko kisichojaa ndicho kinachotoa vidoa."

Nekoye alimwomba Kukhu msamaha, naye Kukhu akakubali kuketi tena. Picha ya Senge ilitoka safi, mpaka Kukhu akalalamika kwamba imeonyesha makunyanzi yote.

"Usisifu kitu kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake," Senge alimwambia Nekoye walipokuwa wakiitundika. "Kijaribu kazini kwanza. Kikikushinda, sema mapema, kabla chai haijawatoka watu puani."