Mabega ya Afande

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofunga kibanda changu cha kushonea pale Dunda, Bagamoyo, na kutia mzigo wa mwisho kwenye mkoba. Wa mwisho kweli. Jumamosi mume wangu, Shuaibu, alikuwa anakuja kunichukua tukaishi Msata, alikofungua duka la vipuri. Tulioana tangu mwezi wa mfungo tatu, na muda wote huo yeye kule, mimi huku, ndoa yetu inaishi kwenye simu. Nilishachoka. Nilitaka kulala na mume wangu na kuamka na mume wangu, basi.

Mimi ni fundi wa mapambo ya sare. Magauni siwezi, wala sitaki kero za mabibi harusi. Nashona tepe, nyota, mishipi na kamba za kusuka. Za jeshi lenyewe sizigusi, sitaki kesi. Wateja wangu ni skauti, walinzi, na vijana wa matarumbeta wanaopiga harusini wamevaa kama majenerali wa nchi isiyokuwepo.

Mzigo wenyewe ulikuwa vyeo vya begani, vile vibao vya kitambaa vinavyokaa juu ya mabega. Vyeusi, ukingo mwekundu, nyota ya uzi wa fedha. Aliyeagiza ni Bi Mwanabaraka, mama mtu mzima wa mtaa wa nyuma yangu. Alisema ni vya mpiga tarumbeta wa harusi ya mjukuu wake. Vifungo vya shaba alivileta mwenyewe, vya zamani, vizito, vimeota kutu ya kijani. Kila nilipovisugua nilisikia harufu ya kiwi ya viatu. Nikajiambia labda vilihifadhiwa pamoja na viatu.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ingia. Usisimame mlangoni saa hizi."

Sebule ilikuwa imejaa moshi wa ubani. Hafidha, huyo mjukuu, alikuwa amekaa mkekani, amejifunga kaniki, macho yamevimba kwa kulia. Sikushangaa. Wanawali wengi hulia wakikaribia kuolewa, mimi mwenyewe nililia. Lakini sikuona sufuria, sikuona turubai, wala shangazi hata mmoja.

Bi Mwanabaraka alivichukua vile vyeo. Akavigeuza. Akavinusa.

"Vimevaliwa?" alininong'oneza.

"Vipya hivyo, bibi. Vivaliwe na nani?"

"Nakuuliza, mwanangu. Kuna mtu ameviweka begani?"

"Nimevijaribu mimi tu. Nitajuaje kama vimekaa sawa?"

Kila fundi anafanya hivyo. Sina sanamu ya kuvisha nguo, sanamu yangu ni mwili wangu. Mchana ule nilikuwa nimevibana mabegani kwa pini mbele ya kioo, nikajiona nimependeza, nikajipigia saluti na kucheka peke yangu.

Hafidha aliposikia akajifunika uso kwa mikono. Mwanzoni nilidhani analia tena. Kumbe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe, dada," alisema. "Nisamehe sana. Alhamdulillahi."

Ndipo nikasikia kutoka chumba cha ndani…

Kwa.

Kwa.

Kwa.

Buti. Mtu anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, anageuka, anarudi. Na ile harufu ya kiwi ikaja, kali, ikaumeza ubani wote.

"Nani yuko ndani?"

"Hamna mtu," alisema Bi Mwanabaraka, na hakuwa ananidanganya.

Akanieleza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye pazia la chumba. Marehemu mama yake alikuwa kiti. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: pepo akimpanda mtu, mtu yule ndiye kiti chake. Pepo wa yule marehemu alikuwa askari aliyekufa vita vya Wajerumani. Jina lake hakulisema hata siku moja, kwa hiyo nyumba nzima walimwita Afande. Mama huyo alipofariki, Afande akabaki hana pa kukaa, akawa anazunguka chumbani. Akaja kwenye ndoto za Hafidha, akadai ashonewe vyeo vipya, na Hafidha ndiye avivae.

"Na vazi la pepo," alisema, "wa kwanza kulivaa ndiye kiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Fundi akiambiwa ni vazi la pepo anakataa kazi. Wewe ungekubali? Nikasema ni vya harusi. Sikujua kama mafundi mnavaa."

Nilikasirika. Nilimwambia simheshimu, neno ambalo sijawahi kumwambia mtu wa umri wake. Nikamwambia amtafutie pepo wake kiti kingine, mimi nina safari. Nikachukua mkoba. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenyanyuka. Nje niliona bodaboda ikipita, nikaona mwanamke anaanua nguo.

Nikainua mguu kuvuka kizingiti…

"Nyuma… geuka."

Sauti haikupazwa. Haikutoka chumbani. Ilitoka kifuani mwangu.

Miguu yangu ikageuka. Ndala zikagongana kwa kishindo cha buti.

Nikajikuta namtazama Hafidha, naye anatazama chini.

Nikajaribu tena. Nikageuka tena. Nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti, nikashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikajivuta. Mikono ilikuwa inataka kwenda, miguu imesimama mguu sawa. Mwishowe mikono nayo ikanyooka ubavuni. Nililia kwa hasira na woga, na machozi yenyewe sikuweza kuyapangusa mpaka niliporuhusiwa.

Baada ya Isha kinywa changu kilisema, kwa sauti nzito, "Ruhusa. Mwisho mpaka wa mji." Miguu ikawa yangu. Nikakimbia nyumbani na vile vyeo mkononi. Bi Mwanabaraka alikataa katakata vibaki kwake.

Shuaibu sikumwambia. Nilijidanganya kwamba Afande ni wa ile nyumba, kwamba tukifika mbali atasahau. Jumamosi nikapanda gari, mabegi nyuma, mume wangu anaimba. Tulipoziacha nyumba za mwisho kwenye barabara ya Msata, akanusa hewani.

"Umepaka viatu kiwi, mke wangu?"

Nilikuwa nimevaa ndala.

"Nyuma…" kikasema kifua changu.

Nilifungua mlango gari likiwa linakwenda. Shuaibu akafunga breki. Niliteremka, nikashika barabara katikati, nikatembea kurudi Bagamoyo, kifua mbele, mikono inapanda na kushuka. Lori lilinipigia honi, sikupisha. Miguu ilitembea kwa maringo, na mimi juu yake nalia. Shuaibu alinifuata nyuma na gari, polepole, mpaka mlangoni kwangu.

Hapo nilimwambia yote. Hakunicheka. Alikwenda mwenyewe kwa Bi Mwanabaraka, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepata dawa.

"Jambo dogo hili," alisema. "Mtu mwingine akikubali kuvivaa, Afande anahamia kwake. Ijumaa baada ya sala nakuja, nitavaa mimi."

"Shuaibu…"

"Mimi nabeba injini kwa mikono, Shamsia. Nitashindwa na mzee wa Kijerumani?"

Alisema kwa mzaha, lakini vile vyeo hakuvitazama. Akarudi Msata kuweka mambo ya duka sawa.

Nampenda yule mwanamume. Mungu anajua nilivyotaka kutoka, nilivyomwonea wivu kila abiria aliyepanda basi. Lakini si kwa mgongo wake. Jioni ile ile nikachukua gauni langu la kazi, nikavishona vile vyeo mabegani kwa uzi wa nailoni, mshono juu ya mshono, mpaka ukitaka kuvitoa lazima ulichane gauni zima. Nikalivaa. Nikalala nalo. Nikasema nimemaliza: kiti ni mimi, na mtu mwingine hatavigusa. Hata usingizi nilipata, wa kwanza tangu siku ile.

Alhamisi asubuhi, safari ikiwa haipo tena, nilirudi kufungua kibanda.

Chini ya mguu wa cherehani kulikuwa na kitambaa cheusi.

Vyeo vya begani. Vipya. Ukingo mwekundu, nyota ya uzi wa fedha, uzi wenyewe haujakatwa, bado umeungana na sindano. Mshono niliutambua, ni mkono wangu. Nikatazama vidole vyangu, ncha zake zilikuwa zimetobolewa. Nikavipima kwa futi. Vilikuwa vipana, vya mabega ya mwanamume, na mabega yale nayajua, nimeyashonea kanzu.

"Si una kiti?" niliuliza, peke yangu mle ndani. "Unataka nini tena?"

Kinywa changu kikajibu, taratibu.

"Gwaride la mtu mmoja?"

Nilichukua simu. Maneno niliyapanga kabla ya kupiga, nikayarudia moyoni: usije, niache, nipe talaka yangu, kaoe kwingine. Ikaita. Akapokea.

"Naam, mke wangu."

Nilivuta pumzi niseme.

"Njoo leo," nilimwambia. Sauti ilikuwa yangu kabisa, ile laini anayoipenda. "Usingoje Ijumaa. Nimekushonea kitu."

Akacheka kwa furaha, akasema anafunga duka sasa hivi.