Kamera Iliyomkataa Ruti

Loisi alikuwa jirani yetu pale Chapwa, mpiga picha wa harusi na vipaimara, tena kwa simu tu. Siku aliyokwenda kununua kamera ilikuwa Jumanne ya kawaida, malori yamejipanga kuelekea mpakani kama siku zote.

Dukani, Bashiri alimwekea kamera mbili mezani, bei ileile. Moja mpya, ndogo, nyepesi, ya mtu anayeanza. Nyingine kubwa, nyeusi, imeshatumika.

"Chukua hii ndogo, dada," Bashiri alimshauri. "Ina lenzi yake, betri inakaa. Ukubwa hauleti picha. Mwanga ndio picha."

"Na hiyo nyingine?"

"Aliiacha mpiga picha mmoja wa Saza. Alisema atarudi. Hata jina lake limenitoka."

Loisi alijua ipi inamfaa. Lakini akamfikiria Ruti, rafiki yake tangu shule, aliyekuwa anaitwa kila harusi kuanzia Tunduma hadi Vwawa kwa sababu ya likamera lake. Wivu ulikuwa umemkwama Loisi mwaka mzima kama mwiba wa samaki kooni. Akachukua ile kubwa.

Jumamosi alikuwa na harusi kule Ruanda, ile ya huku kwetu, si nchi, kazi aliyompokonya Ruti kwa maneno ya pembeni. Ruti akaja hata hivyo, kama mgeni, akaketi benchi la tatu na gauni lake la njano. Ilikuwa saa sita mchana, kanisa zima limejaa mwanga.

Loisi akapiga. Akatazama kioo cha kamera. Benchi la tatu lilikuwa na watu watano na nafasi moja tupu.

Akainua macho. Ruti yupo. Anatabasamu.

Akapiga tena. Nafasi tupu.

Angeweza kuacha. Ila moyoni alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia. Akamlenga Ruti peke yake. Mara tatu. Mara saba. Mara kumi.

Ukumbini, sahani za pilau zilimpita Ruti. Mama mmoja akaweka pochi yake mapajani mwa Ruti, kama anayeiweka kwenye kiti kitupu.

Ruti akamsogelea rafiki yake. Akanong'ona, "Loisi, mbona watu hawaniitikii?"

Loisi alimsikia vizuri. Akainua kamera. Akabonyeza.

Alipoishusha, mbele yake palikuwa na ukuta.

Jumatatu uvumilivu ukamshinda, akaenda kwa mama yake Ruti. Alimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama. Ruti yupo?"

"Marahaba. Ruti yupi, mwanangu? Mimi nilimzaa Damiano peke yake."

Kamera ile Loisi aliifungia kabatini. Hajapiga picha tangu siku hiyo. Lakini kila asubuhi akiitoa, kwenye kile kitundu cha kuchungulia hukuta ukungu, kama wa mtu aliyesogeza mdomo karibu akapumua. Hufuta kwa kitambaa. Haufutiki.

Uko upande wa ndani.