Mama Muhuri Hapigi Magoti

Kila alfajiri mama huyu alivaa buti za mpira na koti jeupe, akaingia machinjioni na kisu chake na muhuri wake. Nyama zilining'inia kwenye kulabu, safu kwa safu. Alipasua ini, akalifunua taratibu kama mtu anayefunua daftari, akatazama. Likiwa zima, nyama ilipigwa muhuri wa bluu. Likiwa bovu, pipani. Ndiyo maana wakamwita Mama Muhuri.

"Mama Muhuri, leo fumba jicho moja tu," mwenye bucha mmoja alimbembeleza.

"Nimezaliwa na mawili, bwana, na yote yako kazini."

Ini likaenda pipani, pu!

Huyo ndiye wa machinjioni. Nyumbani alikuwa na jambo linalomkosesha raha. Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma shahada ya pili. Alitaka kuchunguza magonjwa yanayotoka kwa mifugo na kuingia kwa watu. Wachinjaji wanne aliofanya nao kazi walikuwa wameugua homa ya aina moja, na hakuna aliyejua wameipata wapi. Lakini karo ilikuwa kubwa. Chuo kilimwandikia: ikifika Septemba bila kuonyesha nani atakulipia, nafasi yako anapewa mwingine.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. "Tuuze mashine yangu," alisema.

"Halafu tule nini, baba, cheche?"

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mume, alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani.

"Shemeji, una miaka arobaini na mitatu! Utakaa dawati moja na watoto? Lakini kama umeshikilia, kuna bwana namjua. Unamtumia kiingilio kidogo, anakupatia ufadhili wa uhakika."

Mama Muhuri akakusanya vikombe. Tayari alikuwa ameandika barua kwa wafadhili watatu, na wote walimkatalia. Jioni ile akachukua nakala ya barua yake, akampelekea jirani. Jirani huyo alikuwa karani wa ofisi ya wanafunzi chuo kikuu kwa miaka ishirini. Mtaa mzima ulimwita Bibi Miwani, maana alivaa miwani moja puani huku akiitafuta nyingine iliyo kichwani.

Bibi Miwani akasoma kwa sauti: "Mimi ni mama mnyonge, sina mbele wala nyuma. Nawapigia magoti mnionee huruma." Akainua uso. "Nani huyu?"

"Ni mimi, Bibi."

"Muongo. Mama ninayemjua mimi alimkatalia tajiri ng'ombe mzima mbele ya watu. Huyu mnyonge katoka wapi?"

"Lakini naomba. Mwombaji atafanyaje?"

"Huombi sadaka, mwanangu. Hawa watu wana kazi wanayotaka ifanyike, wanatafuta wa kuifanya. Waambie umeona nini, utachunguza nini, na nani atanufaika."

"Niwatafute wapi?"

"Anzia chuoni kwenyewe. Uliza idarani kama kuna mhadhiri mwenye fedha za utafiti, au kazi ya msaidizi wa maabara. Mwombe mwajiri wako ruhusa ya masomo, kwa maandishi. Kisha nenda serikalini, na kwa mashirika ya afya na ya mifugo. Usiombe mahali pamoja tu ukakaa kungoja. Omba kwingi."

"Na umri wangu?"

"Soma masharti. Wengine wana kikomo, wengine hawana. Kwa nini ujikatae wewe kabla wao hawajakukataa?"

"Na yule bwana wa kiingilio?"

"Wewe si mkaguzi? Mkague."

Kesho yake Mama Muhuri akampigia simu yule bwana, spika ikiwa wazi, shemeji akisikiliza.

"Fedha zinatoka kwa nani?"

"Hiyo ni siri ya wafadhili, mama."

"Nionyeshe masharti kwa maandishi."

"Tuma kiingilio kwanza. Nafasi zinafungwa leo saa kumi!"

"Pipani," alisema Mama Muhuri, akakata simu. Shemeji akatazama dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

Basi akanunua daftari. Kila ufadhili ukapata ukurasa wake: siku ya mwisho, vyeti vinavyotakiwa, barua za wadhamini. Aliwaomba wadhamini mapema, mwezi mzima kabla. Mmoja alikuwa mwalimu wake wa chuo, mwingine daktari wa mifugo aliye mkuu wake wa kazi. Kisha akaandika barua mpya:

"Nimekagua nyama kwa miaka kumi na sita. Wachinjaji wanne niliofanya nao kazi wameugua homa moja. Nataka kujua kama wanaipata kwa ng'ombe tunaowachinja, na jinsi ya kuwakinga. Nipeni miaka miwili, nitaleta jibu."

Hapakuwa na goti hata moja ndani yake.

Aliomba sehemu tisa. Majibu ya kwanza matano yalikuwa hapana.

"Tano hizo, shemeji!" alicheka kaka wa mume.

"Nimezihesabu. Zimebaki nne."

Agosti, shirika moja la afya ya mifugo likaandika kwamba litalipa karo yote. Mama Muhuri hakuruka. Alisoma barua mara tatu, akapiga simu chuoni kuuliza kama ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Wiki iliyofuata idara ikampa kazi ya msaidizi wa maabara, yenye posho ya kujikimu. Mwajiri naye akakubali kumtunzia nafasi yake. Mashine ya mumewe haikuuzwa. Siku ile ilitoa cheche hadi jioni.

Siku ya mwisho machinjioni, mwenye bucha alikuja akitabasamu.

"Mama Muhuri, nasikia unatuacha. Angalau tutapumua."

Mama Muhuri alifuta kisu chake, akakifunga ndani ya kitambaa.

"Pumua haraka, bwana. Macho mawili hayakunitosha. Nafuata hadubini, na narudi nayo."